Simu inayokusanya michango ya harusi ifundishe pia afya ya kizazi

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyewajaalia wanaadamu wake kwa waume na akaweka baina yao mapenzi na huruma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wa nyumba yake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, anayepita Kariakoo katika wiki za kuelekea mwezi mtukufu wa Ramadhani, au mara tu baada ya Idd, hahitaji kuambiwa kuwa huo ni msimu wa ndoa. Atawaona akina mama katika maduka ya kanga wakichagua doti kwa doti, shangazi wa bibi harusi akibishania bei ya mapazia, na vijana wamebeba magodoro vichwani wakipenya katikati ya bajaji. Hilo ni jambo la heri. Ndoa ni nusu ya maisha yetu, na kila tunapoisikia hutba ya nikahi ikisomwa katika misikiti yetu, iwe ni Mtoro au Qiblatain au ule mdogo wa mtaani, nyoyo zetu hufurahi.

Lakini ipo harusi nyingine inayotangulia hii ya sokoni, nayo hufanyika ndani ya simu. Siku hizi posa ikishajibiwa, kabla hata mshenga hajapumzika, huundwa kundi la WhatsApp. Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza huingizwa humo. Mweka hazina hutoa orodha kila asubuhi: nani ametoa, nani ameahidi, nani bado. Hujadiliwa ukumbi, sare, pilau, magari na mpiga picha. Hakuna kinachoachwa bila ya kuulizwa, hata rangi ya maua.

Nasi tumekwisha kuingizwa katika makundi ya namna hiyo zaidi ya tunavyoweza kuhesabu. Humo hatujapata kumwona hata mtu mmoja akiuliza: je, hawa watoto wetu wamefundishwa nini juu ya afya ya kizazi wanachokwenda kukianzisha?

Kuna jirani yetu, ambaye kwa kuisitiri heshima yake hatutamtaja jina, aliyeolewa kwa harusi nzuri iliyochangiwa kwa njia hiyo hiyo. Mtoto wake wa kwanza alipofika miezi minane, viganja na nyayo zikaanza kuvimba, akawa analia usiku kucha. Bibi mmoja akasema ni mchango. Mwingine akashauri aandikiwe kombe. Mtoto akapungukiwa damu, akapelekwa hospitali, na huko vipimo vikaonyesha kuwa ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Upande wa mume wakaamua kwamba damu mbaya imetoka kwa mke, kwani kwao, walisema, haujapata kuonekana ugonjwa huo. Talaka ikaandikwa. Miezi kadhaa baadaye yule baba akapimwa naye, akakutwa amebeba kinasaba kile kile anachokibeba mama. Ukweli ulifika wakati nyumba imekwisha kubomoka, na mtoto mgonjwa ndiye aliyebaki chini ya kifusi.

Tunaomba wasomaji wetu wazingatie jambo hili kwa utulivu, kwa sababu dhuluma aliyofanyiwa mama yule haikutokana na uovu wa watu, bali ilitokana na kutojua. Selimundu haurithiwi kutoka kwa mzazi mmoja. Mtu anaweza kubeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo, akaishi miaka sabini akiwa mzima wa afya, akabeba magunia sokoni na asijue chochote. Wanapokutana wawili wenye hali hiyo, basi katika kila mimba yao kuna uwezekano wa sehemu moja kati ya nne kwamba mtoto atarithi kinasaba hicho kutoka pande zote mbili na akawa mgonjwa. Kuna sehemu mbili kati ya nne kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake, na sehemu moja kwamba atasalimika kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Wapo waliozaa watoto wanne wote wazima, na wapo waliozaa wagonjwa wawili mfululizo. Hakuna aliyekosa, na hakuna damu mbaya.

Wala jambo hili si la watu wachache. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini Tanzania, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Wataalamu wanatueleza sababu yake: mbebaji wa kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo katika ardhi ya mbu kama pwani yetu, kinasaba hicho kimedumu vizazi na vizazi. Hapo Muhimbili, mwendo wa dakika chache tu kutoka Kariakoo, Profesa Julie Makani na wenzake walianzisha mpango maalumu wa ugonjwa huu mwaka 2004, na umekuwa ukitajwa na ulimwengu. Inasikitisha kwamba elimu inatolewa jirani yetu kiasi hicho, na bado tunaolewa na kuoa gizani.

Yupo atakayesema: hayo ni mambo ya kadari, tumwachie Mungu. Kadari tunaiamini, nayo ni nguzo ya imani. Lakini tujiulize imani hiyo waliifahamu vipi waliotutangulia. Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (RA) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, Umar alimjibu kwa maana kwamba wanaitoka kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Kupima ni kadari, na kujua ni kadari. Aliyejaalia ugonjwa ndiye aliyejaalia maabara.

Na katika jambo la ndoa khasa, Mtume (SAW) hakutuacha bila ya mwongozo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba mtu mmoja alimweleza kuwa anamwoa mwanamke wa Kiansari, naye akamwelekeza aende akamtazame kwanza, kwa kuwa kwenye macho ya Maansari kuna kitu. Yaani alimtanabahisha juu ya jambo la kimaumbile, kabla na si baada. Na Fatima binti Qays (RA) alipomtaka ushauri juu ya wanaume waliomposa, Mtume (SAW) hakumficha ya kila mmoja wao: huyu ni fukara, na yule ni mkali kwa wanawake. Kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd (RA). Hiyo ndiyo nasaha ya ndoa.

Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaijua vyema hadithi ya mwenye lundo la nafaka sokoni. Mtume (SAW) aliingiza mkono ndani ya lundo akakuta unyevu, na mwenye mali alipojitetea kuwa ni mvua, aliulizwa kwa nini asiuweke ule uliolowa juu ili watu wauone. Binti yetu si nafaka wala kijana wetu si bidhaa, na yeyote atakayeichukua hadithi hii kwa ajili ya kumkagua mtoto wa mtu kama gunia atakuwa amekosea. Lakini ikiwa kuficha unyevu wa kibaba cha nafaka kumekemewa kiasi hicho, itakuwaje kuficha jambo litakaloamua uhai wa mtoto? Sisi ambao hatununui hata simu iliyotumika bila kuiwasha, tunaufunga mkataba ambao Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 21, imeueleza kuwa ni ahadi nzito, bila ya kuuliza lolote.

Selimundu ni mlango mmoja tu. Upo mwingine ambao hata wasomi wengi hawaujui. Katika siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huwa umekwisha kujifunga. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na aghalabu hufuatiwa na kichwa kujaa maji. Watoto hao tunawaona wakisubiri upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wakiwa mapajani mwa mama zao waliotoka mikoa ya mbali. Sehemu kubwa ya madhara hayo huzuilika kwa kidonge kidogo cha asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kinachoanzwa angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, na bora zaidi miezi miwili au mitatu, na kuendelezwa mpaka wiki ya 12. Siku ya 28 wanawake wengi hawajajua hata kuwa ni wajawazito. Anayeanza kidonge hicho siku ya kwanza ya kliniki, mara nyingi katika mwezi wa tatu au wa nne, kwa jambo hili amekwisha kuchelewa, ingawa bado kitamfaa kwa damu yake.

Serikali iliuona upungufu huo, na tangu mwaka 2013 viwanda vikubwa vimekuwa vikitakiwa kuongeza virutubishi katika unga, ikiwamo foliki katika unga wa ngano. Lakini sembe inayosagwa katika mashine ndogo za mitaani, ambayo ndiyo ugali wa familia nyingi, aghalabu haina nyongeza hiyo.

Na hata hiyo elimu ya simu tulipoipata, ilianzia pale pale. Mwezi Novemba 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito au mwenza wake alituma ujumbe bila malipo kwenda namba 15001, akawa anapokea maelezo ya Kiswahili yaliyofuata umri wa mimba yake: kuhudhuria kliniki, chandarua, dalili za hatari, maandalizi ya kujifungua. Ilikuwa kazi njema, na ilitudhihirishia kwamba simu ndogo ya kubonyeza inaweza kuwa mwalimu ndani ya nyumba ya Mwislamu bila ya kuvunja sitara yake. Ila ilimsubiri mwanamke mpaka awe mjamzito. Sisi tunasema mwalimu huyo aje mapema zaidi: aje wakati wa posa.

Hapa pana mambo machache ambayo wachumba wote wawili wanastahiki kuyajua kabla ya nikahi. Wapime selimundu kwa kipimo kinachotofautisha mbebaji na mgonjwa, na si kundi la damu tu, kwani wengi huchanganya mambo hayo mawili. Wapime virusi vya UKIMWI na kaswende, maradhi ambayo yakijulikana mapema yana tiba au dawa za kumkinga mwenza na mtoto. Wapime homa ya ini aina ya B. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo wengi wa waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Akigundulika mmoja kuwa nayo, mwenzake huchanjwa, na ndoa ikaendelea kwa salama. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au kifafa asiache dawa zake kwa hofu, bali amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa hubadilishwa. Na bibi harusi aanze foliki mapema, kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mwari hakuachiwa aingie nyumbani kwa mume bila ya somo wake kumkalisha na kumfundisha, na bwana harusi naye alikuwa na wa kumnong'oneza. Elimu kabla ya ndoa ni mila yetu ya pwani, hatukuiazima kwa mtu. Kilichotokea ni kwamba nafasi ya somo imekamatwa na simu, na simu haina adabu ya somo. Binti anayeolewa Ijumaa hutumiwa Jumatatu sauti ya mtu asiyejulikana akimshauri anywe mizizi ya kusafisha kizazi. Kijana hutangaziwa vumbi la kuongeza nguvu. Anayeuza dawa hiyo haonekani, na atakapodhurika mtu hatapatikana. Simu hiyo hiyo tunaweza kuirudisha katika adabu: mafunzo mafupi ya sauti, kwa Kiswahili safi, yaliyopitiwa na madaktari na kuangaliwa na masheikh, bi harusi akayasikiliza faraghani na bwana harusi vivyo hivyo, kisha wote wawili wakaenda kituo cha afya. Tusisahau tu kwamba simu inafundisha, haipimi. Damu hupimwa maabara, iwe ni Mnazi Mmoja, Amana au kituo chochote chenye wataalamu na vifaa.

Je, jambo hili lifanywe la lazima? Saudi Arabia ilianza mwaka 2004 kuwataka wachumba wote wapime selimundu na thalasemia, na uamuzi wa kuendelea au kuacha ukabaki mikononi mwao. Oman, wanakoishi ndugu zetu wengi wenye asili ya huku, imefanya uchunguzi huo kuwa wa lazima tangu Januari 2026. Kwa upande mwingine, Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka lilipolijadili suala hili mwaka 2003, liliona haifai kuyafungamanisha mashiko ya nikahi na cheti cha daktari, kwa kuwa masharti ya nikahi yamekwisha kuwekwa na Sharia. Lakini lilihimiza kwa nguvu watu waelimishwe, upimaji urahisishwe na siri ilindwe.

Sisi tunaelemea upande wa elimu, na hata uzoefu wa Saudia unatupa somo. Mwaka 2004, kati ya kila wachumba 100 waliokutwa katika hatari, takriban 9 tu ndio walioamua kuacha kuoana. Ilipofika mwaka 2009 walikuwa karibu nusu. Sheria ilikuwa ile ile. Tunavyofahamu sisi, kilichobadilika ni uelewa wa watu, pamoja na kupima mapema. Cheti kinachokuja wakati kadi zimekwisha kugawiwa na ng'ombe amekwisha kununuliwa hakina nguvu ya kumsaidia mtu. Nani atasimama mbele ya kundi la watu mia mbili awaambie warudishiwe michango yao?

Kwa hiyo rai yetu ni nyepesi, nayo haihitaji bajeti ya serikali: elimu itangulie michango. Posa ikishajibiwa, wazazi wa pande mbili wakubaliane kwamba kundi la harusi halitafunguliwa mpaka wachumba wawe wamefundishwa na kupima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla. Maimamu na masheikh wanaofungisha ndoa wanaweza kuitumia siku hiyo ya taarifa kuwauliza swali moja tu: mmekwenda? Wasiulize majibu. Siku 21 ni chache kwa foliki na ni chache kwa uamuzi mzito, lakini kwa aliyesahau ni ukumbusho wa mwisho.

Na tuweke mipaka. Wapime wote wawili, siku moja, kwani kumpima mwanamke peke yake ni kuirudia ile ile dhuluma ya jirani yetu. Majibu ni siri ya wenyewe. Picha ya karatasi ya maabara isionekane katika simu ya shangazi wala katika kundi lolote, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inailinda siri ya aliyepima. Wakikutwa wote ni wabebaji wa selimundu, asitokee mtu wa kuwaharimishia alichowahalalishia Mola wao. Wakae na daktari, wakae na wazee, waswali istikhara, waamue. Wakiamua kuachana, waachane kwa wema na bila kutangazana. Wakiamua kuoana, wataoana macho yakiwa wazi: mtoto atapimwa mara tu azaliwapo, atapewa kinga ya penisilini na ya malaria, atafuatiliwa kliniki, na hakuna atakayemwita mama yake mwenye damu mbaya.

Mtoto yule wa jirani yetu yu hai, alhamdulillahi. Anatumia dawa na amekwisha kuanza madrasa. Wazazi wake wanaonana siku za kliniki tu, katika benchi la kusubiria. Kama wangelipewa nusu saa ya elimu kabla ya ukumbi kulipiwa, huenda ugonjwa ungelikuwapo na huenda usingelikuwapo, Allah ndiye Mjuzi. Lakini talaka ile isingelikuwapo.

Tunamwomba Allah (SW) azibariki ndoa za vijana wetu, awaruzuku kizazi chema chenye afya, awaponye watoto wetu wagonjwa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia kauli wakafuata iliyo bora yake. Wabillahi tawfiq.